Penalti Ambayo Sikuiandika

Alhamisi, Aprili. Mvua ya Brussels, ile isiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Roho yangu leo iko hivyo hivyo. Nimekaa jikoni na madaftari mawili mbele yangu, chai imeshapoa.

Acha niseme moja kwa moja: nina wivu. Si kile kiwivu cha kuona mwenzio kasuka vizuri. Ni wivu wenyewe, wa kukaa kooni.

Anaitwa Furaha. Hata jina nalo! Ana miaka kumi na tisa, katoka Bukavu, yuko mwaka wa kwanza chuoni, na ni kipa. Mimi pia ni kipa, wa timu hiyohiyo ya wasichana ya chuo chetu. Nimekaa benchi misimu miwili nikisubiri kipa wetu mkubwa amalize masomo. Januari akamaliza. Nafasi ikawa yangu kwa wiki tatu, kisha Furaha akaja mazoezini na mikono yake mirefu. Na nani alimwambia kwamba chuo kina timu? Mimi. Waliosema subira yavuta heri sidhani kama waliwahi kukaa benchi Ubelgiji wakati wa baridi.

Sasa tumo kwenye mazoezi ya majira ya kuchipua, kabla ya mashindano ya vyuo ya mwezi wa tano. Ndipo kocha anapopanga nani atacheza wapi. Jumatatu aliandika ubaoni, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mabeki: wanne, hakuna mjadala. Katikati: watano wanagombea nafasi tatu. Mbele: nahodha, na yeyote atakayeweza kukimbizana naye. Golini aliweka alama ya kuuliza.

Beki akikosa nafasi kushoto hupelekwa kulia. Kipa hapelekwi popote.

Kocha wetu, mzee wa Kibelgiji mwenye magoti mabovu, ana utaratibu wake. Anasema kipa huonwa vizuri na kipa mwenzake tu. Kwa hiyo mmoja akiwa golini, mwingine husimama nyuma ya wavu na daftari, anaandika kila kitu: mipira iliyodakwa, iliyotemwa, mabao na sababu zake. Ijumaa asubuhi tunampa madaftari, mchana anaandika jina ubaoni. Kesho ni Ijumaa.

Jumanne, kocha alipokwenda kwenye gari kuchukua mipira mingine, nahodha alipiga penalti. Chini kabisa, kona ya kulia. Furaha alikuwa ameshaanza kwenda kushoto. Mimi nyuma ya wavu nikatabasamu, Mungu anisamehe. Sijui aligeukaje. Niliona vidole viwili tu vikiugusa mpira, ukagonga mlingoti, ukatoka nje. Wasichana wakapiga kelele kama tumeshachukua kombe.

Sikuandika.

Nilijiambia nitaandika baadaye, vidole vimeganda kwa baridi. Hakukuwa na baridi. Kocha aliporudi hakuna aliyemsimulia, maana kila mtu anajua hiyo ni kazi ya daftari.

Baadaye ikawa zamu yangu, na mpira wa kitoto kabisa ukapita katikati ya miguu yangu. Huo kocha aliuona. Alitikisa kichwa tu, na mimi tangu siku hiyo nakiota kile kichwa.

Leo baada ya mazoezi nimepita Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, saluni kwa tantine wangu, mdogo wake mama, pale Chaussée de Wavre. Nani yuko kwenye kiti? Furaha, nusu ya kichwa imeshasukwa. Saluni yenyewe nilimwonyesha mimi, Septemba, alipokuwa bado anapotea kila akishuka kwenye metro. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji sijapona bado. Tantine ameushika mkono wa Furaha anawaonyesha wateja.

“Muangalie mikono ya huyu mutoto! Hii ni mikono ya gardien, kweli. Nadège, unaona?”

Naona, tantine. Miezi miwili sasa naona hiyo mikono ya kipa tu.

Nilipotaka kuondoka, Furaha akanishika koti. “Yaya,” akasema. Ndivyo anavyoniita, dada mkubwa, tangu siku ya kwanza. “Kesho asubuhi niko na interro, mtihani wa darasani. Unaweza kunipelekea cahier yangu kwa coach, s'il te plaît?”

Akanipa daftari lake hivyo hivyo, bila bahasha, bila wasiwasi.

Nimelisoma, ndiyo. Ndani ya basi, hata sijakaa vizuri. Nilitafuta Jumanne. Nilitaka, na nikubali, nikute ameniandika vibaya, ili tuwe sawa. Ameandika kwamba ule mpira uligonga kwanza kisigino cha beki ukabadili njia, kwamba kocha alisimama upande ambao asingeweza kuliona hilo, na kwamba hata yeye, Furaha, angefungwa.

Kisigino cha beki! Mimi mwenyewe sikujua. Siku mbili nimejilaumu bure.

Kunishinda mikono nilikuwa nimeanza kukubali. Mikono mtu hupewa na Mungu. Sasa na roho pia anishinde? Namwonea wivu zaidi leo kuliko Jumanne, na wa leo unaniuma zaidi kwa sababu siwezi kumlaumu kwa lolote.

Nimefungua daftari langu. Nimeandika: penalti ya nahodha, chini kulia, alishaondoka upande mwingine, akarudi, vidole viwili, mlingoti. Niliandika kwa herufi ndogo, sitasema uongo. Kisha nikakumbuka macho ya kocha ni mabovu kama magoti yake. Nikakata, nikaandika upya kwa herufi kubwa.

Kesho saa tatu nitayaweka yote mawili mezani kwake. Mchana nitasimama mbele ya ubao pamoja na wenzangu, na huenda nikasoma jina lake mahali nilipopasubiri misimu miwili. Nitalia, najijua. Bao hilo nitakuwa nimejifunga mwenyewe, kwa kalamu ya buluu.

Lakini akiniita yaya, nitaitika nikimtazama usoni.