Tulivyosali Tukitazama Kufuli

Yeoville, Ijumaa usiku

Bado nina hasira na ule mlango.

Sisi husali tukitazama mlango, nao huwa wazi. Ndivyo walivyotuachia wale Wayahudi waliotawanyika walioanzisha dini yetu. Walichoka kungoja kurudi Yerusalemu, wakasema Mungu yuko njiani pamoja nao, basi wakawa wanamwangalia njiani. Mama yangu alisali hivyo Lubumbashi, na bibi yangu kabla yake.

Leo Papa Ilunga, kiongozi wetu, kaufunga kwa kufuli. Juzi wenyeji wa hapa walivunja duka la Mtanzania pale kona, wakipiga kelele kwamba wageni turudi kwetu. Ufunguo akanipa mimi, kwa kuwa huwa nakaa karibu na mlango.

"Mama Neema, Mungu ataelewa," akasema.

Tukaanza kusali tukitazama kufuli. Kufuli, jamani! Neema, binti yangu, akaninong'oneza kwa Kiingereza chake kwamba ni kama tunasali jela. Nikashindwa kuvumilia. Nikainuka, nikafungua.

Honi za teksi zikaingia, na baridi. Watu wakashusha pumzi.

Kisha nikamvuta Neema nyuma yangu.

Nikasimama hivyo mpaka mwisho, macho mlangoni kama inavyotakiwa. Wenzangu wanadhani nina imani kubwa. Eish. Sikumwangalia Mungu hata kidogo. Nilikuwa naangalia nani anaingia.