Kilima cha Upande wa Kushoto

Jumatano. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya Julai, na posho mill ya jirani inasaga mahindi, inanguruma ukutani. Sina hamu ya chochote.

Mzee Zablon amefariki. Aliimba besi katika kwaya niliyoirekodi mwaka jana, hapa kwenye kistudio changu Gatina. Leo mkewe, Mama Rispa, ametembea kutoka Kianda kuja kuniomba kitu kimoja: ule ubeti ambao mzee anaimba peke yake, auchezeshe nyumbani Vihiga Jumamosi, kabla hawajamzika. Mzee hakuwahi kurekodiwa kwingine.

Acha nikiri hapa, maana mbele yake nimeshindwa.

Nilipomiksi ule wimbo sikutumia masikio. Spika zangu ni ndogo, besi hazitoi, kwa hiyo niliiamini ile grafu ya kwenye kompyuta inayochora sauti, nzito kushoto, nyembamba kulia. Kushoto kulikuwa na kilima kikubwa. Nikasema hiyo ni posho mill imeingia kwenye maiki. Nikakikata chote, mstari ukalala vizuri, nikajiona fundi kwelikweli.

Tulirekodi Jumapili. Jumapili posho mill huwa imefungwa.

Kile kilima kilikuwa Mzee Zablon.

Na mwenyewe alijua. Alipokuja kusikiliza kazi, aliinamisha kichwa, akarudia ubeti wake mara mbili, akasema taratibu, "Kijana, mimi sijisikii hapo."

Nikamgeuzia skrini. "Mzee, si unaona hii line iko poa? Uko ndani. Ni hizi spika tu."

Aliitazama ile michoro isiyomwambia kitu, kisha akaniomba radhi kwa kunisumbua. Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi. Wiki iliyofuata nikafuta rekodi za mwanzo, zile ambazo sikuwa nimezikata, ili kompyuta ipate nafasi.

Leo nimemchezea Mama Rispa kilichobaki. Kuna mtu anaimba, maneno yote yapo, lakini hana kifua, ni kama anaimba kupitia simu mbovu. Nikapandisha ule upande wa kushoto mbele yake. Grafu ikapanda. Kwenye hedifoni alizovaa ukatoka mvumo mtupu.

Mama Rispa akazivua, akaziweka mezani kwa uangalifu.

"Huyu si mzee wangu," akasema. "Umechanganya, mwanangu. Tafuta polepole, nitarudi kesho."

Nikamwambia sawa. Nimemwambia sawa, na ninajua hakuna pa kutafuta.

Nina aibu ambayo sijawahi kuwa nayo. Kesho akija nitazima hii skrini kwanza, nimpe kiti, nimweleze mumewe alisema nini siku ile na mimi nilimjibu nini. Akinitukana nitashukuru.

Ninachoogopa ni kwamba na yeye ataniomba radhi kwa kunisumbua.