Tisa Iliyoinama

Mwalimu,

Nilishakulilia. Siku jeneza lako lilipopakiwa ndege kutoka Riyadh kwenda Nairobi, na kutoka Nairobi hadi kwenu Kitale, nilikaa kwenye kitanda chako pale mtaani Naseem, Riyadh, nikalia mpaka jirani yetu Mfilipino akaniletea maji. Maziko niliyatazama kwenye simu. Mtandao ulikatika mchungaji akiwa anaomba, ukarudi kaburi limeshafukiwa. Kwa hiyo usiseme sikukulilia. Barua hii ni ya mambo mengine. Nina hasira na wewe, na mtu mwenye hasira na marehemu hana pa kuipeleka, ndiyo maana nimekaa chini Ijumaa hii asubuhi nikashika kalamu.

Kwanza nikupe habari. Ulipofariki, bosi alinihamisha kutoka Naseem, akanileta nyumbani kwake Al-Rawdah, hapa Jeddah. Sasa mimi ndiye dereva wake, na mimi ndiye ninayetunza ile Mustang yako. Nasema yako kwa sababu hata yeye aliiita hivyo, gari la Zakaria, ingawa ilikuwa ya marehemu baba yake. Kazi si nyepesi. Hewa ya Jeddah ina unyevunyevu wa bahari na chuma hupata kutu ukiwa unakitazama. Kila wiki naingia chini ya gari na kitambaa cha mafuta kama ulivyonielekeza, na kila wiki nilikuwa nikiongea nawe huko chini. Sasa nimeacha kuongea.

Wewe ndiye uliyenifundisha kulipenda lile gari. Nilikuja huku nikiwa dereva wa pikapu ya maziwa, sijui lolote zaidi ya klachi na breki. Ijumaa wenzetu wakienda soko la Batha kununua mashati na kupiga gumzo, wewe ulinikalisha juu ya gurudumu kuukuu kwenye gereji ya Naseem ukanisomesha. Ulisimulia historia ya Mustang kama mtu anayehesabu ukoo wake. Wa kwanza alizaliwa sitini na nne, ulisema, mwembamba, boneti ndefu na mkia mfupi, gari la vijana wa Marekani waliotaka kuonekana wana haraka hata wakiwa wameegesha. Nyuma yake akaja ndugu yake mwenye paa la mteremko, paa linaloshuka kutoka juu ya kichwa chako hadi mkiani bila kituo. Halafu ukoo ukaanza kunenepa. Kila miaka michache bodi inapanuka, injini inakua, hata kufika mwanzo wa sabini gari lilikuwa kama mtu aliyekula harusi tatu kwa wiki moja. Kisha nchi za huku zikafunga bomba la mafuta, na hapo ulikuwa ukicheka mpaka unakohoa. "Unaona, Wekesa? Hawa hawa kina bosi ndio walioikondesha." Likaja gari dogo la injini ndogo ambalo hukupenda hata kulitaja. Themanini likawa la pembepembe mfano wa boksi la viatu. Tisini likaanza kukumbuka sura yake, na mwaka wa elfu mbili na tano mjukuu akazaliwa na uso wa babu. Ulisema damu haipotei, nami nikaitikia kama mtu aliye kanisani.

Na lile la umeme, unalikumbuka? Madam, mke wa bosi, alipolinunua, la milango minne, na farasi yule yule mbele, ulikataa kuliosha. Bosi alipokuamuru uliliosha lote ukairuka nembo ya farasi, ukaiacha na vumbi lake. Ukaniambia wamechukua jina la marehemu wakalibandika kwenye gari la kupeleka watoto shule. "Jina halibandikwi, Wekesa. Jina unazaliwa nalo." Uso wako ulikuwa umewiva kwa hasira ya kweli. Sentensi hiyo niliitembeza Naseem nzima, nikawaambia madereva wote kwamba mwalimu wangu ni mtu wa namna hiyo.

Ukanifundisha nambari. Ile iliyogongwa kwenye chuma chini ya boneti, upande wa dereva: tarakimu ya kwanza ni mwaka, herufi inayofuata ni kiwanda, kisha tarakimu mbili za umbo. Sifuri saba ni paa la kawaida, lile lenye ngazi nyuma. Sifuri nane ni paa la kukunjwa. Sifuri tisa ni la mteremko. Mtu hudanganya, ulisema, karatasi hudanganya, na rangi ndiyo mwongo kupita wote, lakini nambari haidanganyi. Nilikariri hayo mpaka nikawa nayasema nikiosha vyombo.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Mwezi uliopita bosi aliamua kuipeleka Mustang Riyadh, kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Kabla ya kuiandikisha akamwita mtaalamu, Mlebanoni mmoja mpole, mwenye tochi ndogo mfukoni kama daktari wa meno. Mimi nilikuwa nimeng'arisha kila kitu, nimesimama pembeni na kitambaa begani, nikijivuna kwa niaba yako. Bosi aliniuliza mbele ya mgeni kama gari ni la asili, vile vile lilivyotoka kiwandani. Nikasema ndiyo, baba, asili kabisa, mwalimu wangu aliikagua mwenyewe. Mlebanoni akafungua boneti, akamulika, akapitisha kidole gumba juu ya nambari. Akasema polepole, kwa Kiarabu chepesi hata mimi nikaelewa, kwamba tisa hii imeinama na wenzake wamesimama. Akaomba tufungue fenda, bati la juu ya gurudumu, ya upande wa pili, kwa maana kiwanda kiligonga nambari ile ile hata mahali palipofichwa. Nilifungua boliti mimi mwenyewe. Hapo palikuwa na sifuri saba. Gari letu lilizaliwa na paa la kawaida. Mtu fulani huko Marekani alilikata akachomelea mteremko, na mtu fulani huku akalibadilishia nambari ili ilingane.

Mimi sikuhitaji tochi. Niliinama nikaitazama ile tisa, nikaijua kama ninavyoujua mwandiko wangu.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza. Gari lilikuwa limekwanguliwa rangi yote, limebaki chuma kitupu. Ulileta lile sanduku la vyuma vya kupigia nambari, sifuri hadi tisa, ukaniambia leo unajifunza kugonga. Ulinipa kipande cha bati nikagonga tisa, tisa, tisa, na zote zikainama, kwa kuwa mimi ni mtu wa mkono wa kushoto na chuma huniegemea. Ulicheka ukasema tisa zangu zimelewa. Kisha ukanipeleka kwenye gari. Ukasema tarakimu moja imeliwa na kutu, tunairudishia. Ulishaipiga msasa. "Gonga hapa. Mara moja tu, usirudie." Nikagonga. Ukanipiga begani ukasema, sasa wewe ni fundi. Siku hiyo nilimpigia mama simu kumwambia nimegonga nambari ya gari la tajiri.

Kusoma nambari ulinifundisha miezi mingi baadaye. Sasa naelewa kwa nini ulichelewa.

Mtaalamu alipoondoka, bosi aliniuliza kama nilijua. Nikasema mafi, baba, sijui kitu. Nilikudanganyia, Mwalimu. Nilifanya bila hata kufikiri, kama mtu anayemkinga mzazi wake kofi. Na bosi, kwa kuwa anakupenda, hakukuwazia wewe kabisa. Alimwaza Saleh, yule Myemeni mpaka rangi, aliyekwangua lile gari. Alisema Saleh aliona na akaficha, na huenda ndiye aliyebadilisha. Halas, basi, atafutiwa ikama, kibali chake cha kukaa, arudi kwao. Bosi ndiye kafili wake, mdhamini aliyemleta nchini, neno lake ndilo la mwisho. Saleh, ambaye uliwahi kuniambia ana watoto watano wanaomngojea yeye tu.

Nilinyamaza wiki mbili. Wiki mbili nzima, nakula, nalala, naendesha gari. Hilo ni langu, sikubebeshi wewe.

Kisha nikampeleka bosi Riyadh kwa shughuli zake, nikapita Naseem. Nilimkuta Saleh gerejini akifunga brashi zake kwenye gazeti, moja moja. Hakunilaumu. Alinipa chai. Ndipo akaniambia yote. Siku aliyokwangua rangi aliona saba, akaona na mistari ya kuchomelea pale nyuma, akaja kukuambia saa ile ile. Wewe ukamshika mkono ukamsihi anyamaze. Kumbe gari lilipofika bandarini Jeddah, mzee, baba yake bosi, alikutuma ulikague, nawe uliliangalia paa tu. Nambari ilikuwa chini ya rangi nene na hukujisumbua kuikwangua. Ukarudi ukamwapia mzee kwamba ni asili. Saleh anakumbuka maneno yako: "Yule mzee ameniita mwalimu mbele ya wanawe. Siwezi kumwambia sikusoma."

Kwa hiyo ilikuwa hivyo tu. Hukuiba, hukuhongwa. Uliona aibu.

Nikamuuliza Saleh kwa nini hakumwambia bosi, na mizigo keshafunga. Alisema Zakaria alikuwa ndugu yake, na marehemu hasemwi vibaya. Hapo ndipo nilipokuchukia. Nimeandika neno hilo na silifuti. Kutosoma nambari ni kosa la fundi yeyote mwenye macho yaliyochoka. Ungesema "nimekosea, mzee," angekasirika siku mbili, mngekunywa kahawa, basi. Wewe ukaona bora uniite mimi, mgeni, nisiyejua saba wala tisa ina maana gani, ukaniwekea nyundo mkononi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nikiivaa hiyo nguo kwa fahari.

Kuna jambo moja linanisumbua kuliko yote. Nakumbuka mikono yako tayari ilikuwa ikitetemeka mwaka ule. Ulikuwa ukishika kikombe kwa mikono miwili. Je, ulinipa nyundo kwa sababu hukuweza kuishika, au ulinipa ili mkono uliofanya usiwe wako? Ningependa sana iwe ile ya kwanza. Nimegeuza mambo huku na huku na sipati jibu, na wewe ndiye peke yako ungelijua.

Juzi nilikwenda kwa bosi. Alikuwa uani pamoja na gari, boneti imefunguliwa, kahawa pembeni. Nilibeba sanduku lako la vyuma na kipande cha bati. Kiarabu changu kingenitupa. Nilipiga magoti sakafuni nikagonga tisa moja kwenye bati, kwa mkono wangu wa kushoto, nikampa. Aliitazama. Akaenda akaiweka kando ya ile ya kwenye gari. Zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Akauliza nani aliniambia nigonge. Nikasema Zakaria, baba. Saleh hakugusa.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alilirudisha bati mkononi mwangu, akasema baba yake alikufa akiamini gari ni la asili. Baadaye kidogo akasema, "Na mimi nilimlilia Zakaria." Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi, lakini nikaona si mahali pangu.

Saleh amebaki. Nilimpigia simu kumwambia afungue brashi zake. Hakunishukuru. Alisema ningeweza kuokoa mtu bila kutaja jina la aliyelala. Labda. Sikuiona njia hiyo. Kuhusu mimi, bosi hajaamua. Ikama yangu iko mkononi mwake na amesema neno moja tu: "Rudisha saba. Halafu tutaongea." Gari litakwenda Riyadh likiwa na saba yake, na karatasi itakayoeleza kwamba paa liliongezwa. Kesho asubuhi naigonga.

Mkeo, Mama Neema, ameniandikia mara mbili. Anataka picha ya gari aliloshughulikia mumewe, aiweke kwenye fremu karibu na yako sebuleni, watoto waone baba yao alikuwa fundi wa namna gani. Sijamjibu. Kila nikiandika nafuta.

Basi, Mwalimu, ahadi yangu ni hii. Kesho nitagonga mara moja tu, sitarudia, kama ulivyonifundisha. Nitatumia mkono wangu wa kushoto na saba itainama, na sitajaribu kuinyoosha, ili mtu yeyote atakayefungua boneti ajue pamewahi kufanyika nini na ni mkono wa nani. Nikimaliza nitampigia picha Mama Neema, ya gari zima, kutoka ubavuni, lile paa likiteremka. Rangi na injini zilikuwa kazi yako, na zilikuwa nzuri. Hilo nitamwambia, na halitakuwa uongo. Yaliyobaki akiniuliza nitamjibu, asipouliza nitanyamaza.

Pumzika huko Kitale. Sijakusamehe bado, na sijui nitaweza lini, lakini vyuma vyako nimevifuta jana na kuvipaka mafuta, kuanzia sifuri mpaka nane. Kile cha tisa nimekiacha nje, juu ya ukuta wa ua. Hapa Jeddah, kutu haichelewi.

Mwanafunzi wako,
Wekesa