Jini Mwenye Kovu

Gongo la Mboto

Mume wangu Sadallah,

Sie wazima. Bomba halitoi maji tangu Jumapili, na binti yako Najma ameng'oka jino la mbele.

Miezi mitatu uko huko vitani huulizi hata mtoto kalala na nini tumboni, leo unaniandikia kuhusu riwaya yangu ya WhatsApp. Eti nimfute yule jini anayempenda askari na kumnyonya kumbukumbu za nyumbani, au walau nimwondolee kovu la shavuni, maana kikosi kizima kinakucheka.

Sadallah, jini huyo nilimtunga mwenyewe jikoni, nikisubiri maharage yaive. Kovu nilimwekea ili atishe tu.

Sasa niambie, huyo mwanamke wako wa huko mwenye kovu anaitwa nani?

Mkeo bado,
Mwamvita