Kilio Ilikosea Mulango

Kalemie, siku ya Mungu

Maman yangu mupendwa,

Asinge, salamu ya kwetu. Kwanza kaa chini, na yule mwenye anakusomea akae pia. Mukono ni wangu, unajua vile herufi zangu zinalalaka upande. Niko muzima. Muguu wa kushoto unauma mvua ikinyesha, ni hiyo tu. Wewe je, na presha yako? Papa angali anakohoa?

Najua mulisha kunililia. Ningepiga simu, nimeazima moja, lakini mutu mwenye mulisha kulilia hapigake simu. Niliogopa uanguke.

Ni Maman Zawadi, yule muchuuzi wa nguo za vikwembe wa Bagira, aliniambia. Anafikishaka biashara mpaka huku. Juzi mu soko alinishika mukono, akaufinya sawa mutu anapima avoka kama imeiva.

"Si wewe Bisimwa wa Kasha?"

"Ni mimi, maman."

"Mimi nilikula bugali ya kilio yako."

Akaketi juu ya muzigo wake, hakuuza kitu tena saa nzima. Akanielezea: jina yangu ilisomwa mu liste ya régiment, kikosi yetu, wakasema disparu. Maman, kwa jeshi disparu ni mutu mwenye hawajue iko wapi. Lakini kwetu padri akisema disparu, jeneza iko mbele yake. Sikasiriki. Hata mimi ningelia.

Kisha akaniambia neno ingine, na hiyo imenichokesha kuliko njia yote ya kufika huku. Eti Maman Deo, jirani yetu, ndiye alilala na wewe pa mukeka siku zote tatu. Alikupikia, alikuogesha, alikufunga kikwembe nyeusi. Na jioni alikuwa anashukuru Mungu polepole, ju Deo wake iko présent, muzima, mu liste.

Maman, ni mimi nilimuweka présent.

Tulikuwa régiment mbili pa kilima ile. Yetu juu, ya Deo chini mu migomba, karibu na muto. Wale wa upande ingine walikuja asubuhi na ukungu, wakapiga chini kwanza. Sisi juu tulisikia yote. Tulingoja order ya kushuka, haikufika. Tulikuwa na bunduki, tulikuwa na miguu, tukakaa. Hiyo nitaenda nayo mpaka kaburini. Order yenye ilifika ilikuwa ya kukimbia. Wenzangu wakaingia musitu, mimi nikashuka kutafuta Deo. Nilimukuta chini ya mugomba, mwili ungali moto, lakini alikuwa amekwisha. Nilichimba na kofia ya chuma. Kaburi ni fupi, nikaweka mawe juu.

Nikafuata wale walibaki wa régiment yake, maana yangu haikuonekana tena. Kesho yake adjudant, mukubwa wao, akafanya appel, akaita majina moja moja. Akaita Deo. Unajua tangu shule, Deo akichelewa mimi naitikia, nikichelewa mimi yeye anaitikia, na mwalimu hakutukamata hata siku moja. Adjudant akaita mara ya pili, na mudomo wangu ukasema: présent. Sikutaka kudanganya. Sikuweza tu kusikia jina ile inaanguka chini bila mutu wa kuiokota. Adjudant akaandika bila kuangalia. Jina yangu haikuitwa, haikuwa mu liste yao.

Leo asubuhi nimemwambia ukweli. Alinitukana kwa Lingala, kisha akaomba kalamu ya kusahihisha liste. Lakini karatasi yake itachelewa, na sitaki Maman Deo asikie kwa liste.

Sasa naomba kitu yenye mutoto haombake mama yake. Usivue ile kikwembe nyeusi. Najua unataka kuitupa na kupiga vigelegele mu parcelle, inje mbele ya watu. Subiri. Furahini ndani, wewe na Papa, mulango umefungwa. Kisha beba mukeka, uende kwa Maman Deo, wewe mwenyewe, usitume mutu. Umupe hii shapule, rozari ya Deo, nimefunga mu karatasi. Ataijua, uzi wake alishona yeye. Lala naye siku tatu sawa vile alilala na wewe. Umupikie. Akikufukuza, kaa inje pa mulango. Akisema Bisimwa ni mwongo, umukubalie.

Machozi yenu haikupotea. Ilikosea mulango tu.

Umusalimie Papa, anywe ile dawa ya majani hata kama inakera. Dada Nsimire, nasikia alinyoa nywele ju yangu, nitamununulia kitambaa. Tonton Pascal asiuze koti yangu, kama hajaiuza. Na marraine wangu, mama wa ubatizo, wa Muhumba, mwenye aliniombesha misa, mwambie misa haiharibike, padri abadilishe jina tu.

Nimechoka, maman. Sina nguvu ya kuandika zaidi. Jioni kutakuwa appel tena, na safari hii wamenitia mu liste.

Mutoto wako,
Bisimwa. Présent.