Siwa Ilipotoka, Meya Akafuata

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi cha kati, chumba cha upelelezi

Jina: limeandikwa jaladani. Kazini anaitwa Mama Siwa.
Umri: miaka 52
Kazi: mhudumu wa ukumbi na mbeba siwa, baraza la manispaa
Makazi: nyumba za watumishi, nyuma ya karakana ya manispaa
Kuhusu: mlinzi wa ukumbi, anayeitwa Kufuli, anayetuhumiwa kuwafungia nje waheshimiwa

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema kwa hiari yangu, na afande anaandika. Nimemwomba aandike maneno yangu kama yanavyotoka, asiyapake asali.

Siwa ni rungu la heshima la baraza, la mti mweusi, lenye kichwa cha shaba. Naibeba ikiingia ukumbini, naibeba ikitoka. Bila siwa mezani, madiwani ni watu waliokaa kwenye viti tu, hawana wanachoweza kupitisha. Ikiingia, wote husimama. Ikitoka, Meya huifuata, madiwani humfuata Meya, na Kufuli hufunga mlango nyuma ya wa mwisho. Tumefanya hivyo miaka mingi mpaka miguu inajua yenyewe.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumanne, kulikuwa na kikao cha kupitisha bajeti. Bajeti hiyo inafuta nafasi za wafagiaji wote wa barabara, na mahali pao wanawekwa watu wanne wa ofisini wanaoitwa maafisa wa mandhari. Nani atakayeondoa maganda ya ndizi sokoni, hakuna aliyesema. Dada yangu mkubwa, wa tumbo moja, ni mfagiaji. Sifichi hilo. Alinisomesha kwa fagio hilo hilo. Nafasi yangu mimi haikuguswa, kwa hiyo asije mtu akasema nilikuwa napigania tonge langu.

Kwa kawaida yetu, siku ya bajeti wananchi huingia kwanza, hukaa viti vya nyuma, na husema walilonalo kabla kura haijapigwa. Siku hiyo, saa nne asubuhi, niliingia na siwa begani nikakuta viti vya nyuma vitupu. Wafagiaji walikuwa uani, upande wa pili wa dirisha, na sare zao. Dada yangu aliweka kiganja chake kwenye kioo. Roho iliniuma, nikakasirika, na mpaka sasa nimekasirika. Andika na hilo, afande.

Nilitembea mpaka mezani nikasimama. Sikuiweka siwa. Nikamuuliza Meya, "Mheshimiwa, wenye mji wako wapi?" Akasema wamezuiwa kwa sababu za usalama. Nikamwambia wale ni kina mama na mafagio yao, si jeshi. Madiwani wawili wakacheka, kisha wakajifanya wanakohoa. Hapo Meya akapandwa na hasira, akasema mbele ya wote: "Weka siwa mezani au toka nayo."

Nikatoka nayo.

Sikukimbia. Nilikwenda mwendo wangu wa siku zote. Kufuli akaifungulia siwa mlango, kama kawaida yake. Nikasikia viti vikisogea nyuma yangu, lakini mbeba siwa hageuki, sikugeuka. Nilipofika uani ndipo nikaona: Meya yuko nyuma yangu, madiwani nyuma ya Meya, kwenye mstari, mafaili kwapani. Hakuna aliyewaita. Siwa ilitoka, na wao wakatoka. Na Kufuli, mtu wa kazi yake, alikuwa ameshafunga mlango.

Meya alipozinduka alikuwa katikati ya wafagiaji. Dada yangu akamwambia, "Karibu, Mheshimiwa. Tulikuwa tunakungoja." Kisha akamuuliza, "Hao maafisa wa mandhari, fagio watalishika upande gani?" Ua mzima ukaangua kicheko. Meya akamgeukia Kufuli, akamwamuru afungue. Kufuli akajibu kwa adabu, mikono nyuma: "Mheshimiwa, wewe mwenyewe ulitoa amri mwaka jana, baada ya wale vijana kuingia kuchezea vipaza sauti. Siku ya kikao, siwa ikishatoka, ukumbi haufunguliwi mpaka irudi mlangoni." Meya akanitazama. Mimi nikakaa kwenye benchi, siwa mapajani.

Katibu wa baraza, ambaye ndiye mjuzi wa kanuni pale, akasema siwa ikishatoka kikao kimevunjika. Lazima kiitishwe upya, tena kwa tangazo, na wananchi wasikilizwe. Meya akasema hiyo ni njama. Mchana huo huo Kufuli akakamatwa. Mtu ambaye hajawahi kumfokea hata paka wa ofisi.

Jioni Mkurugenzi wa manispaa alikuja nyumbani kwangu. Hajawahi kukanyaga nyumba za watumishi, ilibidi aulize njia. Alikunywa chai yangu mpaka birika likaisha, ndipo akasema bajeti ina nafasi ya afisa itifaki na kwamba inanifaa sana, mradi niseme Kufuli ndiye aliyenipangia yote. "Wewe ni mtu wetu, dada," akasema. Nikamwambia mimi si dada yake, na dada yangu yupo, alikuwa nje ya dirisha, na yeye Mkurugenzi alimwona akiwa kikaoni. Nikasimama nikamfungulia mlango. Alisahau miwani yake mezani, nikamkimbizia mpaka kwenye gari. Sitaki kitu chake nyumbani kwangu.

Kwa hiyo nasema hivi. Kufuli hakunituma. Dada yangu hakunituma. Aliyenituma ni Meya: alisema nitoke, nikatoka. Kama utii umekuwa kosa, nifungulieni mimi jalada, nitakuja kwa miguu yangu. Mnamtoa mwenzangu kafara kwa sababu mnaona haya kuandika kwamba Meya wa mji alifuata rungu mpaka uani.

Nimeambiwa niikabidhi siwa iwe kielelezo. Sikatai. Lakini kanuni ya baraza inasema siwa haiachwi na mbeba siwa ikiwa nje ya kabati lake, basi ikilala hapa nami nalala hapa. Sitoki bila Kufuli. Siwa haitoki bila mimi. Bajeti haipiti bila siwa. Hesabu hiyo hata Meya anaiweza.

Niliyoyaona ndiyo hayo, na nitayasimamia popote nitakapoitwa. Nimesomewa, ni sahihi, sipunguzi neno.

Shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Yamechukuliwa nami, koplo wa zamu, tarehe 15. Nilimshauri shahidi aondoe sentensi inayohusu rungu na ua. Amekataa. Naongeza, kwa kuwa ni kweli, kwamba shahidi alipoingia na siwa, mimi na askari wote wa mapokezi tulisimama. Kwa sasa yuko kwenye benchi la mapokezi, siwa mapajani. Ofisi ya Meya imepiga simu kuuliza siwa itatoka lini. Nimewajibu kwamba itatoka pamoja na Kufuli.