Chombo Yangu Ilimushitaki Paluku

Lundi, tarehe 4
Courant ya umeme imerudi saa ine. Nimemaliza kurekebisha, nimetuma. Chombo yangu iko sasa wazi kwenye internet: kila mutu anaweza kuikamata bule, kuifungua, kuibadilisha. Inasoma code ya programme na kuonyesha fasi inaweza kuwa na kosa. Inaweza. Juu kabisa nimeandika na herufi kubwa: BADO YA KUJARIBU. Mama ameuliza itasaidia nani. Kisha akarudi kumenya biazi yake ya toka Musienene. Lakini niko na furaha.

Mercredi, tarehe 6
Paluku ameandika toka Beni. Tulisoma naye auditoire moja kwenye université. Yeye ndiye alitengeneza programme ya kuhesabu dawa kwa pharmacie ya centre de santé moja kule, commune Ruwenzori. Amepitisha code yake ndani ya chombo yangu. Mutu wa kwanza! Imemuonyesha kosa moja ya kweli: dawa zenye zilipitisha tarehe zilikuwa zinahesabiwa bado. Amerekebisha. Ameandika: "Kavira, uko fundi." Nimesoma mara tatu.

Mardi, tarehe 12
Paluku alisifia chombo kwa directeur wa centre yake. Directeur akaipitisha yeye mwenyewe. Ikatoa kurasa kumi na moja za makosa. Paluku amenitumia picha zake na code yote. Karibu yote ni ya bule: chombo ndiyo inapiga kelele fasi hapana kitu. Directeur ameziweka mbele ya kikao ya wakubwa ya centre. Paluku amefukuzwa.
Ni mimi.

Jeudi, tarehe 14
Beni. Nimeenda kumuona directeur. Njiani, kule Kalunguta, barrière ya basoda ba jeshi ilitukalisha saa nzima kwenye jua. Directeur amenipokea na adabu.
"Papa directeur, ile chombo ni ya kujaribu. Inakosa zaidi kuliko Paluku."
"Mademoiselle, mashini hapana kudanganya. Batu ndiyo banadanganya."
"Mais ni mimi niliitengeneza!"
Akaangalia saa yake. Ile herufi kubwa hata mutu moja hapana kuisoma.
Nilipita kwa Paluku. Bibi yake wa ndoa alisema hayuko. Niliona miguu ya Paluku chini ya rideau ya mulango. Nikasema sawa, nikarudi.

Dimanche, tarehe 17
Misa. Sikusikia hata neno. Nilitaka kufuta yote. Nikafungua, nikaona batu bengine bameisha kuikamata, Bukavu, Kampala, sijui wapi. Kufuta hapana kurudisha kitu. Naichukia ile chombo. Yule directeur pia. Mimi mwenyewe zaidi: nilikimbilia sifa.

Jeudi, tarehe 21
Banasema kule bameweka mutu mwingine kwa kazi ya Paluku. Donc imekwisha.

Vendredi, tarehe 22
Correction imeingia kwa chombo, mutu amerekebisha code yangu. Nimeangalia jina: Paluku. Hapana bonjour, hapana neno. Mistari kumi na ine tu. Nimeijaribu na ile code ilitoa kurasa kumi na moja. Imebaki ukurasa moja, tena nusu tu. Code yake iko safi kuliko yangu.
Nimeikubali. Nimeandika jina yake juu ya chombo, pembeni ya yangu. Nimemuandikia aksanti.
Mpaka sasa hapana jibu. Sawa.